Kenchi ni mkasi

Nlikuwa juu ya paa Malindi, mji wa kale kule karibu na bahari, nimekaa kwenye mtambaapanya, ule mti wa juu ya ukuta, namngojea mwenzangu anirushie misumari, na tini uani bibi mwenye nyumba, mtu wa asili ya India, yuashona. Nikamsikia anamwita mkaza mwana wake kwa lugha yao, maneno mengi siyajui, ila moja nililidaka vizuri kabisa: kenchi. "Kenchi lao." Mimi nikadhani naulizwa mimi, manake kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ndio kazi iliyonipeleka pale, kutoa tatu zilizoliwa na mchwa na kuweka mpya. Nikachungulia nikaitikia, "Naam bibi, kenchi bado, kesho inshallah."

Wakacheka wote wawili. Mkaza mwana akatoka ndani na mkasi mkononi, mkasi wa kawaida tu wa kushonea, akampa mama mkwe wake, na yule bibi akaunyanyua juu akanionyesha.

"Hii ndio kenchi mwanangu. We huko juu wafanya kenchi gani?"

Nikamwonyesha zile mbao nilizokaa katikati yake. Akaziangalia kitambo, akasema babake marehemu alizaliwa India, na yeye alikuwa akiziita hivo hivo mbao za paa, kwa sababu zinapandana kama mkasi. Akakata uzi wake akaendelea kushona. Mimi nikaendelea kupiga misumari.

Kumbukeni hapo mimi nishafanya kazi ya useremala miaka minane. Kila siku natamka kenchi, nyumba ishafika lenta twangojea kenchi, kenchi ngapi zaingia hapa, kenchi na kenchi tuache futi ngapi, na hata siku moja sijajiuliza hili neno limetoka wapi na lilikuwa na maana gani kabla halijafika kwetu. Kwangu mimi kenchi ilikuwa ni kenchi tu, vile bahari ni bahari.

Usiku ule sikulala vizuri, nikaanza kuuliza watu, mzee mmoja dukani, maalim mmoja anayejua Kiurdu, na baadaye simu yangu na intaneti. Kihindi na Kiurdu mkasi ni kainchi, na Kiurdu wanaandika kwa qaf kama ya Kiarabu. Sisi tukalivuta kwenye ulimi wetu likawa kenchi, vile vile tulivyofanya paisa ikawa pesa, ile ai yao kwetu imekaa e. Na wao nao si neno lao la kuzaliwa nalo, walilipata kwa Waajemi, na Waajemi wakalipata kwa watu wa lugha za Kituruki, mpaka leo ukiwa Uzbekistani ukitaka mkasi utasema qaychi na utapewa.

Sasa kilichonishika moyo ni hiki. Hili neno letu jengine, mkasi, hili la mshoni na kinyozi, limetoka kwa Waarabu, kwao ni miqass, chombo cha kukatia. Yani mkasi ulitujia mara mbili. Wa Arabuni ukaingia kwenye kikapu cha mshoni, wa Bara Hindi ukapanda juu ya nyumba, na ikiwa watu wanaishi nao wote wawili kila siku bila kujua ni kitu kimoja basi mimi si wa peke yangu. Halafu tizama Waturuki wa Uturuki, wao leo mkasi hawauiti kwa lile neno la kale la Kituruki, wanasema makas, la Kiarabu kama letu, na kenchi ya paa nayo wanaiita makas. Waingereza nao wana aina ya kenchi wanayoiita ya mkasi. Watu hawa wote hawakukaa kikao kimoja wakakubaliana, kila mtu aliinua kichwa akatazama paa lake akaona kitu kile kile.

Mimi ni mtu wa Lamu, Langoni, na kazi nimefunzwa na ami yangu, fundi wa majumba ya mawe. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo sikulielewa mapema, manake nyumba alizonilelea ami hazina kenchi hata moja. Nyumba ya mawe ya Lamu, hizi zilizofanya mji wetu uingizwe kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, juu yake ni bapa. Unalaza boriti kutoka ukuta huu mpaka ukuta huu, zimekaribiana, juu unapanga mawe mapana ya matumbawe, halafu kokoto na chokaa, inapigwa ipigwe mpaka ishikane iwe kitu kimoja. Na boriti ni mti wa mkoko, una urefu wake wa kubeba mzigo huo bila kupinda, kama mita 2 na nusu hivi mpaka 3. Ndio maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba, mgeni akiingia anashangaa kwa nini watu matajiri waliopamba ukuta mzima kwa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, walijinyima upana. Hawakujinyima. Upana waliupimiwa na mkoko.

Na ami kwenye majina hakuwa na mchezo. Mti mwembamba kabisa ni fito, ukizidi ni pau, ukizidi ni mazio, halafu ndio boriti, halafu nguzo, na zinahesabiwa kwa korja, korja moja ni ishirini. Ukimletea mazio ukasema umeleta boriti anaziacha pale pale kwenye mashua. Mjini siku hizi watu wanaita kila mti wa mkoko boriti, mpaka mbao ya kupasua wanaiita boriti, lakini kwa wakataji boriti ni unene, ni kipimo, na aliyesema boriti amesema nyumba itakuwa na upana gani. Miti hiyo ilikuwa ikienda na majahazi mpaka Arabuni na Ghuba kabla serikali haijapiga marufuku kuuza nje mwaka 1982, na kule nako walijenga vyumba vyembamba kama vyetu kwa sababu mti ni ule ule.

Jengine alilonifunza ami, na hili nalipenda mpaka leo, ni sakafu. Kwa Waarabu saqf ni paa, kile kilicho juu ya kichwa chako. Kwetu sakafu ni unapokanyaga. Nlipokuwa mdogo nlidhani ni makosa ya wazee, mtu alisikia vibaya akageuza. Mpaka siku ami aliponisimamisha chumba cha tini akaninyooshea kidole boriti, akasema hiyo ni nini, nikasema dari, akanipandisha ngazi mpaka chumba cha juu akasema na hapa umesimama wapi. Kwenye nyumba ya bapa paa la huyu ni sakafu ya yule. Neno halikukosewa, lilipanda ngazi.

Kwa hivyo kenchi kwetu ni mgeni. Imekuja na paa la bati, na mbao za kupasua, na msumari. Na imekuja na kitu ambacho boriti haiwezi, upana. Boriti inabeba kwa nguvu ya mgongo wake mwenyewe, ukiirefusha sana inakunja. Kenchi haibebi kwa mgongo, inabeba kwa kushikana, mbao nyembamba za nne kwa mbili zikishikana vizuri zinavuka futi 20 na hazitingishiki. Hili nlikuwa nalijua kwa mdomo. Kwa mikono nlikuwa bado.

Turudi kidogo Malindi, manake kuna jambo nimeliruka na ndio linaloniuma. Kenchi za nyumba ya yule bibi zilikuwa za zamani na hazikuwa kama nilizozoea. Mimi nimezoea pembetatu, rafta mbili, zile mbao za mshazari zinazobeba bati, zinakutana juu kwenye mwamba, mti wa kilele cha paa, na tini taibimu imelala sawa kutoka ukuta mpaka ukuta. Zake hazikuwa na taibimu ya kulala. Zilikuwa na mbao mbili, kila moja inatoka kwenye mguu wa rafta inapanda kwa mshazari mpaka katikati ya rafta ya upande wa pili, na zinapandana hapo kati kama herufi ya eksi, na penye makutano kuna bolti moja nene imeliwa na chumvi, na kutoka hapo kijiti cha wima kinapanda mpaka juu. Mimi na elimu yangu nikaona hawa mafundi wa zamani walikuwa wanapoteza mbao bure. Nikatoa zile tatu zilizoliwa, nikaweka tatu zangu za kawaida na taibimu zake. Bibi alipoingia ndani akatazama juu akaniuliza, mbona hizi zako zina mti umekatiza hapa tini, zangu hazina? Nikamwambia, bibi, ndivyo zinavyofanywa siku hizi. Akasema haya.

Miaka miwili mbele nikapata kazi Mokowe, ukumbi mdogo wa kukodisha watu wa harusi, futi 20 kwa 32, kenchi tisa, kenchi na kenchi futi 4. Ilikuwa ni baada ya February 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti misituni, mbao zimepanda bei, saiprasi unaitafuta kama dawa. Tajiri wangu anataka mambo mawili, gharama ipungue, na ndani kuwe kurefu, hataki dari, anataka upepo na feni zikae juu na mapambo ya harusi yaning'inie. Tushapandisha kenchi zote tisa, akaja akasimama katikati akatazama, akasema hizi mbao zilizolala zinanikatia ukumbi, haziwezi kutoka? Nami nikamjibu, na hili jibu nitalibeba, nikamwambia za mwanzo na za mwisho tuziache, hizi nne za kati naweza kuziondoa, mbao zake tukafanyia kazi nyengine. Nikapanda na msumeno nikazikata mwenyewe. Taibimu nne. Zilipotoka hakukutokea kitu, paa limekaa vile vile, hata mlio hakuna. Tukapiga bati, tukamaliza, nikalipwa, nikavuka na boti nikarudi Lamu.

Masika yakaja, halafu kusi likashika. Nikapigiwa simu kwamba mlango mkubwa wa ukumbi haufungiki. Nikadhani mbao imevimba kwa mvua, nikaenda na randa. Nilipofika nikaona ufa. Umeanza kwenye kona ya dirisha la kati, umepanda mpaka juu ya lenta, na ile mistari miwili ya mawe iliyo juu ya lenta imeegemea nje, pande zote mbili, huku na huku. Nikapanda ngazi nikaweka timazi. Inchi moja na nusu nje, upande mmoja tu. Nikatazama juu, mwamba wa paa umezama katikati kama mgongo wa punda mzee. Nikashuka. Miguu ilikuwa haina nguvu, walla, manake wiki inayofuata mle ndani mulikuwa na harusi na watu wangejaa na watoto wao.

Nikamwambia tajiri harusi isifanywe hapa. Tukagombana, siwezi kusema tulizungumza, tuligombana, na haki ilikuwa yake. Usiku ule nikaenda kumuomba ami aje aone. Akavuka nami asubuhi, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, akazunguka ukumbi mara mbili mikono nyuma, hakusema neno. Tukarudi Lamu hakusema neno kwenye boti vilevile.

Baada ya isha akaniita kwake. Mkewe, mama yangu mimi kwa kunilea, alikuwa barazani anashona kofia, mbele yake sinia la bati, ndani mna uzi na sindano na mkasi mdogo. Ami akauchukua ule mkasi.

"Ndoo hapa."

Nikakaa. Akaufungua kidogo, akausimamisha juu ya sinia kwa yale matundu mawili ya vidole, yawe ndio miguu, na ile pini ya katikati iwe juu. Akanishika mkono, akaniwekea kidole changu juu ya pini.

"Sukuma tini. Polepole."

Nikasukuma. Yale matundu mawili yakateleza kwenye bati, moja huku moja huku, mkasi ukafunguka ukalala kwenye sinia. Akausimamisha tena, nikasukuma tena, ukalala tena. Mara tatu. Mkewe ameacha kushona anatutazama. Halafu ami akachukua uzi wa kofia akaukunja mara nne, akaupitisha kwenye tundu hili na tundu hili, akafunga fundo, mkasi umesimama na uzi umelala kati ya miguu yake miwili.

"Sukuma sasa."

Nikasukuma. Uzi ukakaza ukawa kama waya, na miguu haikwenda popote. Nikatia nguvu mpaka kidole kikauma na pini ikaniacha alama nyekundu kwenye nyama, mkasi umesimama.

"Huo uzi," ami akasema, "ndio ulokata wewe."

Mimi nlikuwa nadhani taibimu kazi yake ni kushikilia dari. Wallahi miaka yote ile nlidhani imewekwa pale ili ibebe kitu. Kumbe haibebi, inavuta. Bati na mbao na upepo vinasukuma kutoka juu, rafta mbili zinataka kufunguka, miguu yake inasukuma ukuta nje, na kuta hazikujengwa kusukumwa ubavuni, zimejengwa kukaa chini ya mzigo. Taibimu inaishika miguu isikimbiane. Ukiikata siku hiyo hutaona kitu, manake ukuta unajitahidi badala yake. Unajitahidi wiki, unajitahidi mwezi, halafu mvua inalainisha na kusi linatingisha na ukuta unachoka.

Nikiwa nautazama ule mkasi umesimama kwenye sinia ndipo nikasikia sauti ya yule bibi wa Malindi, hii ndio kenchi mwanangu. Nikamwelezea ami kisa chote. Yeye alikuwa hajui, mtu wa boriti, neno kenchi kwake ni la mafundi wa mabati. Alichukua mkasi tu kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Akautazama kitambo, akasema, "Kumbe wao washasema zamani," akamgeukia mkewe akamwambia, "wasikia? Mkasi wako ndio nyumba." Mama akasema arudishiwe basi, kofia ya watu yataka kuisha.

Lakini mimi nlikuwa nimekwama pahala pengine. Ile eksi. Mkasi haukomi kwenye pini, ile miguu ikifika kwenye pini inapandana inaendelea juu upande wa pili. Na mbao za nyumba ya bibi zilikuwa zinafanya hivo hivo, zinatoka mguuni zinapandana zinaendelea mpaka kwenye rafta ya upande wa pili. Wale mafundi walitaka ndani kuwe kurefu, kama tajiri wangu, na hawakukata uzi, waliupandisha. Yani nlipewa jawabu la Mokowe miaka miwili kabla, liko mbele ya macho yangu, limeandikwa jina lake, na nikaling'oa kwa nyundo.

Siku ya tatu nlikuwa kwenye basi la Malindi. Bibi alikuwa hai, akanijua, akaniuliza umekuja kuniondolea miti yangu? Nikamwambia nimekuja kujifunza zilizobaki, akanipisha. Nikakaa juu kule toka asubuhi mpaka alasiri na kamba ya kupimia na daftari. Nikapima zile eksi zinapandana umbali gani kutoka mwamba, zinashika rafta wapi, bolti ngapi na unene gani. Nikaona kwamba kila penye kushikana fundi hakuamini msumari peke yake, aliweka bolti na wosha, na kwenye mguu ambapo mbao zote mbili zinakutana na mtambaapanya alichonga kikanyagio, rafta imekaa ndani yake kama mguu ndani ya kiatu. Na zile mbao za eksi ni pana kuliko rafta zenyewe, sita kwa mbili, manake ukiupandisha uzi juu unavutwa zaidi kuliko ukiwa umelala tini, kwa hivyo huwezi kupandisha na kupunguza mbao kwa pamoja. Ile tamaa yetu ya Mokowe ya kufupisha gharama na kurefusha nafasi kwa msumeno mmoja haikuwa na njia hata ukiizungusha vipi.

(Mtambaapanya, kwa asiyejua, ni ule mti unaolala juu ya ukuta ambao paa lote linakaa juu yake, siku hizi mafundi vijana wanasema wolpleti. Panya akishuka kutoka kwenye makuti ndio barabara yake ile. Hilo halikutoka India wala Arabuni, ni letu, na sijaona jina la mbao linaloonyesha pahala pake vizuri kama hilo.)

Mokowe nikatengeneza kwa pesa zangu. Tukashusha bati zote, mzigo uondoke, ndio jambo la kwanza. Ile mistari miwili ya mawe juu ya lenta tukaibomoa tukaijenga upya na nondo ndani. Kenchi zote tisa nikazifungua, hata zile tano nzuri, nikazisuka upya kwa mtindo wa bibi, eksi kati, bolti kwenye makutano, kikanyagio mguuni. Tajiri alikuwa akija kila siku anasimama pale pale katikati, hasemi. Siku ya kupandisha kenchi ya tano, ya kati, nikamwomba ami aje. Hakupanda, magoti hayamruhusu, alikaa tini kwenye ndoo iliyogeuzwa akanitaka nimrushie mkasi. Nikamuuliza mkasi gani. Kumbe ameuchukua nyumbani kwa mkewe ameutia kwenye mfuko wangu wa vifaa, na uzi ungali umefungwa kwenye matundu. Akaushika akainua mkono, jicho moja limefumba, akaulinganisha na kenchi ile iliyoko juu. Akasema, "Kaza bolti yako nusu mzunguko." Nikakaza.

Malindi nako nikarudi nikatoa zile tatu zangu za taibimu nikaweka za eksi, bila malipo. Bibi alinilipa kwa chai na sambusa na akaninyima kabisa nafasi ya kuomba radhi, kila nikianza anasema kula.

Siku hizi vijana ninaowafunza wanasema trasi. Wamelitoa kwenye makaratasi ya wachora ramani, sina ugomvi nalo, neno ni neno. Lakini trasi haikuonyeshi kitu ukiitamka, na mimi siku ya kwanza ya kijana yeyote kwangu namkalisha na mkasi na uzi na sinia kabla hajashika msumeno, na namwambia aseme kenchi. Wengine wanaona napoteza wakati. Mmoja alisukuma mpaka uzi ukakatika, akarudi nyuma akanitazama, nikajua huyo hatakata taibimu ya mtu.

Binti yangu ana miaka saba. Nyumbani kwetu kwa hii hadithi kusimuliwa kila mara mkasi tushaanza kuuita kenchi, bila kukusudia, nipe kenchi nikate hiki, kenchi iko wapi. Mwezi uliopita alimwambia mwalimu wake hivyo darasani, mwalimu akamsahihisha, ni mkasi, kenchi ni ya paa. Akaja nyumbani amekasirika anataka kujua nani mkweli, mimi au mwalimu. Nikamwambia wote wawili, hakukubali. Jumamosi nikampandisha boti tukavuka Mokowe, ukumbi ulikuwa mtupu, tajiri akatufungulia. Nikamsimamisha pale katikati nikamwambia tazama juu.

Alitazama muda mrefu, shingo imepinda nyuma, mdomo wazi. Halafu akaanza kuhesabu kwa kidole, kutoka mlangoni mpaka ukuta wa mwisho, akarudi akahesabu tena kuhakikisha. Mikasi tisa.